Lori la Vita na Rangi Zake za Kale

Wako watu huko Ulaya na Marekani ambao, wakiisha kazi yao ya mchana, hushika spana na kwenda kutengeneza lori bovu lililokwisha kusahauliwa. Malori hayo ni masalio ya vita vya 1939 hata 1945. Huyakuta katika mabanda ya wakulima, matairi yamelala, nyasi zimetokeza sakafuni, na pengine kuku ametaga penye kiti cha dereva. Jirani zao hucheka. Sisi nasi tulicheka, mpaka tulipojifunza habari za lori lenyewe.

Tunalotaka kuwasimulia ni lori la GMC, ambalo jina lake la kiwandani ni CCKW. Lilitengenezwa Marekani tangu 1941 hata 1945, na hesabu yake yapita 500,000. Lina ekseli tatu, na injini yaweza kuzungusha magurudumu yote, ya mbele na ya nyuma, ili lisikwame topeni. Kipimo cha mzigo wake ni tani 2 na nusu, walakini vitani mara nyingi lilipakiwa kupita kipimo hicho. Chuma kilipokuwa haba, bodi yake ikaundwa kwa mbao.

Mwaka 1944 majeshi ya Marekani yalikwenda mbio katika Ufaransa, hata chakula, petroli na risasi vikaachwa nyuma sana. Reli zilikuwa zimevunjwa kwa mabomu. Basi, tarehe 25 Agosti, ulianza msafara mkubwa wa malori ulioitwa Red Ball Express. Barabara moja ilikuwa ya kwenda tu, nyingine ya kurudi tu, usiku na mchana. Katika siku moja ya mwezi ule karibu malori 6,000 yalichukua zaidi ya tani 12,000. Sheria ilisema maili 25 kwa saa, ila madereva wengi hawakuishika. Kazi hiyo ilidumu hata tarehe 16 Novemba.

Nao walioendesha walikuwa nani? Kama robo tatu yao walikuwa Wamarekani Weusi. Jeshi la siku zile liliwatenga na wenzao weupe, na amri ya kukomesha ubaguzi huo haikutolewa ila 1948. Msomaji ambaye babu yake aliendesha lori la jeshi huko Burma ajua jinsi dereva asivyosimuliwa kama mpiga bunduki.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Fundi mwenye busara hawashi injini siku ya kwanza. Hufungua plagi zote sita, humimina mafuta kidogo katika kila silinda, huacha siku kadhaa, ndipo huijaribu polepole kwa hendeli. Akilazimisha, pistoni iliyoshikwa na kutu yaweza kuvunjika. Petroli ya kale huimwaga yote, na tangi hulisafisha. Mipira ya breki huitupa bila huruma, ijapokuwa kwa macho yaonekana mizima, maana mfumo wa breki hizo ni mmoja tu: ukivuja mahali pamoja, lori zima halina breki.

Linalotisha kupita yote ni gurudumu. Tairi hushikwa na pete ya chuma, na pete iliyoliwa na kutu yaweza kuruka wakati wa kutia upepo na kumwua mtu. Kwa hiyo gurudumu hutiwa katika kizimba cha chuma kwanza, na mwenye pampu husimama mbali.

Baada ya hayo yaja mambo ya rangi, na hapa ndipo tunapogombana na mafundi wengine. Vita vilipokwisha, malori mengi yalibaki Ulaya. Mengine yalitwaliwa na majeshi ya nchi zile, mengine yakawa ya kuzima moto au kubeba magogo, na kila mwenyewe akapaka rangi yake. Fundi mwenye haraka hukwangua yote hata chuma kitupu, akapaka kijani kipya na nyota nyeupe, kisha akaandika mbele alama za kikosi chenye sifa, ambacho pengine lori lile halikukitumikia hata siku moja. Huo kwetu ni uwongo, ingawa umepakwa vizuri. Tena huwanyang'anya wale madereva kitu kidogo walichoachiwa, maana makampuni yao ya uchukuzi hayakuwa na jina kubwa la kuandikwa.

Mwenye subira hufanya vingine. Hutwaa msasa laini na maji, akasugua ubavuni mwa boneti, tabaka baada ya tabaka: nyekundu ya zimamoto, kijivu, kijani cha jeshi jingine. Bahati ikiwapo, chini yake hutokea tarakimu nyeupe za jeshi la 1944. Hutazama pia kibati cha dashibodi, chenye tarehe lori lilipotolewa kiwandani, na namba iliyogongwa katika chesisi, aone kama vyapatana. Asipopata alama ya kikosi, haandiki kikosi.

Mafundi wengine huacha kipande kama ukubwa wa kitabu bila kupakwa upya, tarakimu zile zionekane kama zilivyo, zimepauka na kukwaruzwa. Lori likitolewa barabarani siku ya kwanza, watoto wa kijiji hukimbilia nyota. Wazee huenda kwenye kile kipande.