Matunda kwa mama mwenye mimba: kila siku, lakini kwa kipimo

Wamama na wababa wa koperative, tunalima nanasi, paipai, avoka na maembe, kisha tunapakia yote kwenye toleka kwenda soko ya Kisangani. Nyumbani, mama mwenye mimba anabakia na lituma na sombe tu. Ni hasara. Vitamini C ya nanasi na ya paipai iliyoiva inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo ndani ya sombe na maharagwe, na chuma ndiyo inasaidia kutengeneza damu.

Lakini matunda yako na sukari pia. Wakati wa maembe, usimalize ndoo. Kula kidogo, mara mbili ao tatu kwa siku, pamoja na chakula. Tunda zima ni bora kuliko maji yake, sababu linashibisha.

Wengine wanasema nanasi inaharibu mimba. Vipande vichache vya nanasi iliyoiva havina shida. Ya kuacha ni paipai mbichi, sababu ya utomvu wake. Osha matunda yote kwa maji safi. Kama muuguzi amekuta sukari nyingi kwenye damu, fuata kipimo chake.

Siku ya soko, mbele ya kupakia, weka kando fungu la nyumbani.