Stenti kwa Umio Uliochanika: Mgonjwa Asisahau Tarehe ya Kurudi

Umio ni mrija wa misuli wenye urefu wa takriban sentimita 25 kwa mtu mzima, unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Tofauti na utumbo, umio hauna utando mgumu wa nje wa kuukinga. Ukuta wake ukichanika hadi nje, mate, chakula na bakteria huingia kifuani, katika nafasi iliyo kati ya mapafu, jirani kabisa na moyo. Maambukizi yanayofuata huenea haraka na yanaweza kuua.

Hali hii ilielezwa kitabibu mwaka 1724 na daktari Mholanzi, Herman Boerhaave, baada ya kifo cha admirali wa nchi hiyo aliyejitapisha kufuatia mlo mzito. Hadi leo kutapika kwa nguvu ni chanzo kimojawapo, ingawa michaniko mingi hutokea wakati wa vipimo na matibabu yanayotumia vifaa vinavyopitishwa umioni. Vyanzo vingine ni vitu vilivyomezwa kwa bahati mbaya, zikiwemo betri ndogo za duara zinazovutia watoto, na miiba ya samaki.

Kuhusu mwiba, wengi wetu tumelelewa na ushauri wa kumeza tonge kubwa la ugali au ndizi ili kuusukuma. Ushauri huo ni wa hatari: tonge linaweza kuukandamiza mwiba ukazama zaidi kwenye ukuta wa umio. Mwiba uliokwama uondolewe na mtaalamu.

Dalili za umio kuchanika ni maumivu makali ya ghafla ya kifua au mgongo, hasa baada ya kutapika, pamoja na shida ya kumeza au kupumua, na baadaye homa. Wakati mwingine hewa hujikusanya chini ya ngozi ya shingo, na ngozi ikibonyezwa husikika ikichakarika. Kwa kuwa maumivu hayo hufanana na ya moyo au ya vidonda vya tumbo, baadhi ya wagonjwa hupewa maziwa au maji na kuambiwa wapumzike. Mwenye dalili hizi asile wala asinywe chochote, na afikishwe hospitali mara moja. Matumaini ya kupona hupungua kadiri saa zinavyopita, hususan baada ya saa 24 za mwanzo.

Kwa miaka mingi tiba kuu ilikuwa kufungua kifua na kushona umio. Upasuaji bado unahitajika kwa wagonjwa wengi, lakini baadhi yao sasa hutibiwa kwa stenti. Hiki ni kimrija cha wavu wa madini, aghalabu mchanganyiko wa nikeli na titani, kilichofunikwa kwa utando usiopitisha maji. Hupitishwa mdomoni kikiwa kimekunjwa, kwa msaada wa mpira wenye kamera au picha za eksirei, kisha hutanuka chenyewe na kuziba tundu kwa ndani ili ukuta upate nafasi ya kupona.

Hata hivyo, stenti haisafishi uchafu uliokwisha kumwagika kifuani. Mgonjwa huhitaji pia antibayotiki, mrija wa kutoa usaha na majimaji, na lishe kwa njia nyingine hadi daktari atakapojiridhisha kuwa hakuna kinachovuja. Stenti pia huweza kuhama kutoka mahali ilipowekwa. Maumivu mapya, homa au kutapika ni sababu ya kurudi hospitali bila kusubiri kliniki.

Lipo jambo moja linalowachanganya ndugu wa wagonjwa. Katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki, ambako saratani ya umio ni tatizo kubwa, stenti inajulikana zaidi kama msaada kwa mgonjwa wa saratani aliyeshindwa kumeza, naye kwa kawaida hubaki nayo maisha yake yote. Kwa umio uliochanika ni kinyume: stenti ni ya muda, na kwa kawaida hutolewa baada ya wiki kadhaa, mara nyingi kati ya nne na nane. Ikiachwa, nyama huota na kuishikilia, na kuitoa kunaweza kusababisha mchaniko mwingine. Kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, mgonjwa aombe tarehe ya kutolewa stenti iandikwe kwenye kadi yake, na ndugu mmoja aifahamu.