Ufundi wa Magari ya Zamani (Sehemu ya 3): Propela Hununuliwa kwa Vipimo

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza injini na giaboksi za magari ya misuli ya Marekani, yale ya miaka ya 1960 yaliyobeba injini kubwa za V8 katika bodi za ukubwa wa kati. Leo tunaingia uvunguni kulitazama bomba la chuma linalopeleka nguvu hizo kutoka giaboksi hadi difu: propela.

Mwenye Chevrolet Chevelle ya mwaka 1966 akiharibikiwa propela, wazo lake la kwanza huwa kutafuta nyingine iliyofunguliwa kwenye Chevelle ya mwaka huo huo. Mara nyingi wazo hilo humtia hasara. Magari haya yana umri wa karibu miaka 60, na mengi yameshabadilishwa giaboksi, difu au vyote viwili. Propela haijali jina la gari. Inajali kilicho mbele yake na kilicho nyuma yake.

Tuanze na mbele. Chevelle nyingi zilitoka kiwandani na Powerglide, giaboksi ya kujiendesha ya gia mbili, ambayo shafti yake ya nyuma ina meno 27. Aliyeiondoa na kufunga Turbo-Hydramatic 350 ya mkia mfupi hana tatizo: meno ni 27 yale yale na urefu unakaribiana, kwa hiyo propela ya awali hurudi mahali pake. Aliyefunga Turbo-Hydramatic 400 amepata shafti nene zaidi, yenye meno 32, na yoki ya zamani (ncha ya propela inayoivaa shafti hiyo) haiingii kabisa. Kwa upande wa Ford ni vivyo hivyo: C4 ina meno 28, C6 ina 31. Hesabu meno kabla ya kumuuliza muuzaji bei.

Pili ni urefu. Pima gari likiwa limesimama kwa uzito wake wote juu ya matairi. Likinyanyuliwa kwa bodi, ekseli huning'inia na kipimo huwa cha uongo. Pima kutoka kwenye sili ya nyuma ya giaboksi hadi katikati ya krosi (kiungo kinachopinda) ya upande wa difu. Yoki ya mbele isukumwe hadi mwisho, kisha irudishwe nje kiasi cha inchi moja. Nafasi hiyo ndiyo inayoiruhusu propela kuteleza ndani na nje ekseli inapopanda na kushuka. Propela ndefu mno huigonga giaboksi kwa ndani. Fupi mno hushikwa na meno machache, ikatikisika na kuyala.

Tatu ni krosi. Mwaka 1903 Mmarekani Clarence Spicer alipata hataza ya krosi yake, na hadi leo saizi zinazotumika zaidi huitwa kwa jina lake: 1310, 1330 na 1350. Hapa wengi hunaswa. Krosi ya 1330 na ya 1350 zina upana mmoja, milimita 92, lakini vikombe vya beringi ni milimita 27 kwa ile ya kwanza na 30 kwa ya pili. Nayo 1310 ina vikombe vya milimita 27 kama 1330, ila upana wake ni 82 tu. Kipimo kimoja hakitoshi. Chukua venia upime upana na kikombe.

Nne ni mwendo. Gari lenye tairi la kipenyo cha sentimita 66 na difu ya uwiano wa 3.73, likienda kilomita 120 kwa saa, huizungusha propela zaidi ya mara 3,500 kwa dakika. Kila bomba lina kasi ambayo likiifikia huanza kupinda katikati, na kadiri linavyokuwa refu ndivyo kasi hiyo inavyoshuka. Bomba la kipenyo kikubwa zaidi huipandisha. Anayefunga giaboksi ya kisasa ya gia tano azingatie hili, kwa kuwa katika gia ya tano propela huzunguka haraka kuliko injini yenyewe.

Propela ikipatikana, yoki za ncha mbili zilingane mstari, pembe za krosi ya mbele na ya nyuma ziwe sawa, kati ya digrii moja na tatu, na bomba lisawazishwe kwa mashine. Anayekwenda mashindanoni afunge pia pete ya chuma karibu na krosi ya mbele. Krosi hiyo ikikatika mwendoni, pete huizuia propela isichimbe barabara na kulipindua gari.

Ewe mwenye gari, usitoe pesa kwa sababu muuzaji ameapa kwamba propela yake ilitoka kwenye gari kama lako. Nenda dukani na karatasi yenye idadi ya meno, urefu, saizi ya krosi mbili na uwiano wa difu. Asiyeweza kukujibu kwa namba hizo, muache.

Sehemu ijayo: difu na uwiano wake.