Je, Wajua? Njiti za kiberiti hupima ubongo wa mchimba dhahabu

Mwaka 2003, kijijini Rwamagasa, Geita, wachimbaji wadogo walipewa kazi iliyofanana na mchezo wa watoto: kuokota njiti za kiberiti na kuzirudisha kwenye boksi lake, huku wakipimwa muda. Walifumba macho na kugusa pua kwa kidole. Walipimwa pia kumbukumbu.

Daktari Stephan Bose-O'Reilly wa Ujerumani na wenzake, chini ya mradi wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, walikuwa wakitafuta alama za zebaki kwenye mishipa ya fahamu. Watu wa Katoro wasiogusa zebaki walipimwa pia ili kulinganisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010, na walioonekana kuwa hatarini zaidi ni wanaochoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu.

Mwaloni, yaani mahali pa kuchenjulia dhahabu, kuanzia Geita hadi Kahama, zebaki ya kunasia dhahabu hushikwa kwa mikono mitupu, na wengi hudhani hatari iko hapo. Kumbe kubwa zaidi ni mvuke. Mchanganyiko huo ukichomwa, mvuke usio na rangi wala harufu hupanda. Karibu asilimia 80 ya unaovutwa hubaki mwilini, na sehemu hufika ubongoni. Mikono hutetemeka, usingizi hupotea, mtu husahau na kukasirika ovyo. Kusahau huku si ugonjwa wa Alzheimer, ambao kwa kawaida huwapata wazee. Zebaki haingoji uzee.

Chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba hunasa sehemu kubwa ya mvuke huo, na zebaki iliyonaswa hutumika tena.