Taa Kali kwenye Bawa la Ndege ya Kujiundia

Balbu ya 4509 ni ya mviringo, upana wake unazidi kidogo sentimita 11, na kwa miongo mingi ndiyo iliyokuwa taa ya kutua ya ndege ndogo nyingi. Hutumia wati 100 kwa umeme wa volti 13. Katikati ya mwali wake ukali wa mwanga hufikia kandela 110,000. Umri wake uliokadiriwa kiwandani ni saa 25 tu. Rubani anayeiacha ikiwaka tangu anapopaa hadi anapotua huizoea kazi ya kufungua skrubu na kuweka nyingine, na wengi waliamua kuiwasha dakika za mwisho tu ili isiungue bure. Taa inayoogopwa kuwashwa haina faida kubwa, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza iliyowafanya mafundi wa ndege za nyumbani watafute mbadala wake.

Marekani ndiko mafundi hawa walikojaa. Sheria za anga za huko zinamruhusu mtu kuunda ndege yake mwenyewe, hata katika gereji ya nyumbani, mradi sehemu kubwa ya kazi iwe imefanywa na watu wanaojifunza au kujiburudisha, si kiwanda. Chama chao, EAA, kiliasisiwa na Paul Poberezny huko Wisconsin mwaka 1953, na tangu mwaka 1970 mkutano wao mkuu wa kila mwaka umekuwa ukifanyika Oshkosh. Richard VanGrunsven wa Oregon aliirusha RV-3 yake mwaka 1971, kisha akafungua kampuni ya kuuza vipande vya ndege za namna hiyo. Leo ndege za ukoo wa RV zilizokwisha kuruka zimepita 10,000. Mwenye ndege iliyotoka kiwandani anabanwa na vibali kwa kila kifaa anachotaka kukifunga. Aliyeiunda mwenyewe ana uhuru mpana zaidi, na mabawa ndipo wengi wanapoutumia.

Cha kushangaza, kwa safari binafsi ya usiku sheria ya Marekani haidai taa ya kutua. Inadai taa nyekundu kushoto, ya kijani kulia, nyeupe nyuma, na taa ya kumulika dhidi ya kugongana. Ya kutua ni lazima kwa anayeruka kwa malipo tu. Hata hivyo sijui rubani mwenye akili timamu ambaye angependa kushuka gizani bila hiyo.

Kabla ya kununua taa mpya, msomaji aelewe namba mbili ambazo wauzaji huzichanganya. Lumeni hupima mwanga wote unaotoka kwenye taa, popote unapokwenda. Kandela hupima ukali wa mwanga kuelekea upande mmoja. Boksi huandikwa lumeni kwa herufi kubwa, lakini kinachofika kwenye lami iliyo mbele ya rubani ni kandela. Ukiupanua mwali mara mbili, ukali wake hushuka hadi robo, ingawa lumeni ni zilezile. Umbali nao hula mwanga vivyo hivyo: ukienda mara mbili mbali, mwanga unabaki robo. Ile balbu ya zamani, pamoja na uchovu wake wote, hupeleka zaidi kidogo ya luksi 1 kwa umbali wa mita 300. Mbalamwezi kamili hutoa kama robo ya luksi. Kwa mita 600 basi balbu hiyo inalingana na mbalamwezi. Taa mpya yenye lumeni nyingi lakini mwali mpana kama wa kurunzi ya kambini inaweza kushindwa na hiyo 4509 pale hasa inapohitajika.

Jambo la pili ni waya. Wati 100 kwa volti 13 ni karibu ampia 8, na kutoka kwenye swichi hadi karibu na ncha ya bawa ni mita kadhaa. Waya ukiwa mwembamba, au ethi ikiwa imefungwa kwenye bati lenye kutu, volti moja au mbili hupotelea njiani. Balbu ya waya wa tangsteni hailisamehi kosa hilo: volti ikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa asilimia 30 hivi. Mwenye ndege anayelalamika kwamba taa yake ni hafifu ashike mita kwanza, apime volti kwenye balbu yenyewe ikiwa inawaka. Mara nyingi dawa ni waya mnene zaidi.

Kulikuwa na kipindi taa za gesi ya zenoni, zilizokuwa zimeingia kwenye magari ya kifahari tangu mwaka 1991, zilionekana kuwa jibu. Kwa wati 35 zilitoa mwanga unaozidi mara mbili ule wa balbu ya halojeni ya wati 55. Lakini huhitaji kifaa cha kupandisha volti hadi maelfu mengi ili kuziwasha, huchukua sekunde kadhaa kufikia ukali wake, na hazivumilii kuwashwa na kuzimwa ovyo. Zimepita.

Kilichobadilisha kila kitu ni LED. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura, waligundua namna ya kutengeneza LED ya bluu yenye nguvu na kutunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Bluu hiyo ikipita kwenye unga maalumu wa manjano, jicho huona mwanga mweupe. Kila wati ya LED hutoa lumeni 100 na zaidi, mara kadhaa ya balbu ya kale. Ampia 8 zinashuka kuwa mbili au tatu, altaneta ndogo inapumua, na taa inaweza kuwaka safari nzima bila mtu kuhesabu saa.

Ila joto halijaondoka, limehama. Balbu ya tangsteni hurusha joto lake mbele pamoja na mwanga. LED hubaki na joto mgongoni, ndani ya kipande kidogo kuliko punje ya mchele, na kikizidi kupata moto mwanga hufifia, umri hukatika. Ndani ya bawa, nyuma ya kioo cha plastiki, upepo wa safari hauifikii taa. Joto lazima lipite kwenye kishikizo cha alumini hadi kwenye bati la bawa, na bati ndilo linalopozwa na hewa ya nje. Kwenye bawa la alumini njia hiyo ipo. Kwenye ncha za fibaglasi, ambazo hazipitishi joto vizuri, haipo, na taa huhitaji mapezi makubwa ya kupozea. Hatari kubwa ni ardhini, ndege ikiwa imesimama kwenye foleni ya kupaa chini ya jua kali. Kwa upande mwingine, anayeruka kwenye baridi akumbuke kuwa balbu ya zamani iliyeyusha barafu iliyoganda kwenye kioo chake, jambo ambalo LED baridi mbele haiwezi.

LED pia huja na kifaa kinachoukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili mkondo usibadilike, na kikiwa cha bei rahisi hujaza redio mikwaruzo. Redio za mazungumzo za ndege hutumia masafa kuanzia megahezi 118, na mafundi wengi huficha antena ya uelekezaji ndani ya ncha ya bawa, karibu kabisa na taa. Kipimo ni rahisi: fungua redio kwenye kituo kinachosikika kwa shida, washa taa, sikiliza. Waya mbili zilizosokotwa pamoja, zikiwa na ganda la kukinga, huondoa sehemu kubwa ya tatizo.

Sasa kazi ya mikono. Kwenye RV tangi la mafuta liko ukingo wa mbele wa bawa, upande wa ndani karibu na kiwiliwili, kwa hiyo taa huwekwa upande wa nje, kwenye nafasi kati ya mbavu mbili za karibu na ncha. Mahali hapo panafaa kwa sababu nyingine pia. Ukingo wa mbele ni bomba lililofungwa, lenye umbo la herufi D, na ndilo linalozuia bawa lisijinyonge, ukilitoboa unalidhoofisha. Karibu na ncha mzigo wa kunyonga ni mdogo, tundu huvumilika. Bati lenyewe lina unene unaozidi kidogo nusu milimita. Fundi huchora umbo kwa kalamu, hutoboa pembe nne kwanza kwa mduara, kisha hukata kutoka pembe hadi pembe, na kumalizia kwa tupa na msasa hadi kidole kikipita pembeni kisihisi mkwaruzo wowote. Pembe kali ni mwanzo wa ufa. Uingereza ilijifunza kwa uchungu mwaka 1954, ndege za abiria za Comet zilipopasuka angani kwa nyufa zilizoanzia kwenye pembe za matundu ya kiwiliwili.

Kioo nacho kina tabia zake. Plastiki ya akriliki hutanuka kwa joto mara tatu hivi kuliko alumini, kwa hiyo matundu ya skrubu huachwa na nafasi kidogo, la sivyo kioo hupasuka siku ya kwanza ya jua kali. Biti ya kawaida ya drili hukimeng'enya. Hutumika iliyonolewa maalumu kwa plastiki. Na umbo la kioo lazima lifuate mkunjo wa bawa, maana hapo ndipo hewa inapogawanyika.

Kwa nini mtu ahangaike hivi, na pengine haruki usiku hata mara moja kwa mwezi? Kwa sababu ya mchana. Ndege mbili zinazokutana uso kwa uso, kila moja ikienda kilomita 300 kwa saa, hukaribiana kwa mita 167 kila sekunde. FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, hukadiria kuwa rubani huhitaji sekunde 12.5 tangu kuona kitu hadi ndege yake kukwepa. Hizo ni zaidi kidogo ya kilomita 2. Kwa umbali huo kiwiliwili cha ndege ndogo, chenye upana wa mita moja hivi, kiko karibu na mwisho wa uwezo wa jicho zima. Tena ndege iliyo kwenye njia ya kugongana nawe haisogei kwenye kioo chako. Hutulia palepale, kitone kisichotikisika, na jicho huvutwa na kinachotikisika. Taa mbili za mabawani zinazowaka kwa zamu, kushoto kisha kulia, hukitikisa hicho kitone.

Lazima zizidi anga kwa mwanga. Katika Vita Kuu ya Pili jeshi la majini la Marekani lilipachika taa mbele ya ndege za Avenger na kuzilinganisha na weupe wa mawingu ya nyuma. Ndege iliyokuwa ikionekana toka kilomita 19 ilikaribia hadi kilomita 3 kabla ya kuonwa. Taa hafifu mchana inaweza kuificha ndege badala ya kuitangaza.

Kulenga ndiko kunakopuuzwa. RV nyingi zina gurudumu la mkiani na hukaa chini pua juu, kwa hiyo taa iliyolengwa kwa kutua humulika angani ndege inapotembea ardhini. Njia nzuri ni kuigawa kazi: bawa moja taa yenye mwali mwembamba wa kutua, jingine mwali mpana ulioinamishwa zaidi. Mkia huinuliwa hadi ndege ikae kama inavyoruka, mbele ya mlango wa hanga, umbali wa mita 10. Mteremko wa kawaida wa kutua ni digrii 3, na kwa umbali huo ni sentimita 52 chini ya kimo cha taa. Alama huwekwa mlangoni, skrubu hukazwa mwali ukiwa juu yake, na safari ya usiku huamua marekebisho.

Hukumu yangu ni hii: LED mbili za mabawani, zenye kuwaka kwa zamu, ni ongezeko la usalama lenye thamani zaidi kuliko mapambo mengi ya kwenye dashibodi. Lakini anayeunda ndege aanze na waya mnene na kulenga vizuri. Hayo mawili hugharimu kidogo, na bila hayo taa kali humulika visivyohitajika.