LIKIZO YA NOELI: KAZI NA MICHEZO ISIYOOMBA MAKUTA



Siku si nyingi tutapewa pointi zetu na masomo yatafungwa kwa likizo ya Noeli. Tayari swali limeanza kuzunguka chini ya miti: "Nikibaki hapa Epulu siku zote hizo, nitafanya nini?" Na jibu la vijana wengi ni moja tu: karieri.

Sisi makapita tumeona vema tuandike mapema, sababu mwezi wa kwanza uliopita kuna madawati yaliyobaki tupu katika mwaka wa nne, na wenyewe hawajarudi hata leo. Walisema wanaenda kwa juma mbili tu, kutafuta makuta ya minervali. Tusidanganyane: dhahabu iko, na kuna mtu anayeipata. Lakini ndani ya Hifadhi ya Okapi, iliyoundwa mwaka 1992, kuchimba kunakatazwa na sheria. Shimo linaweza kuanguka juu ya mtu. Tena wachimbaji wanashika dhahabu kwa zebaki, halafu wanaichoma motoni, na ule mvuke unaingia katika mapafu. Unaharibu mishipa ya fahamu na mafigo. Hauui siku hiyo hiyo; mikono inaanza kutetemeka polepole. Na chakula huko kinauzwa ghali hivi kwamba kijana anarudi, kama anarudi, na suruali moja mpya.

Basi tufanye nini? Kule Ulaya mwezi wa kumi na mbili ni baridi na theluji, vijana wanafungiwa ndani ao wanalipa feza kuingia katika majumba ya michezo. Sisi tuko juu kidogo tu ya Ekweta, na kwetu huo ni mwanzo wa wakati wa jua. Asubuhi kuna ukungu na baridi ya kutosha kuvaa triko, lakini mvua inapunguka, njia zinakauka, na vijito vinashuka. Hapo ndipo neema ya likizo yetu iko.

Kazi ya kwanza ni kukausha kijito. Wavulana wanaicheka, wanasema ni kazi ya wamama na wasichana. Ndiyo, ni wamama wanaoijua, na kwa hiyo muombe mama mmoja awaongoze. Mnachagua kijito kidogo ambacho maji hayapiti magoti. Upande wa juu mnafunga kwa miti, majani ya mangongo na udongo, na mnachimba mfereji wa pembeni ili maji yapite huko. Upande wa chini mnafunga tena, na mnaweka kitunga mahali maji yanapotokea ili samaki wasiponyoke. Halafu mnakumba maji kwa beseni na sufuria. Mnakumba, mnakumba, mnakumba. Anayesema huu si mchezo wa mwili aje tumwone saa sita, kiuno chake kitamjibu. Maji yakiisha, mnatafuta kwa mikono ndani ya matope na chini ya mizizi: kambale, kaa, samaki wadogo. Mbele ya kutia mkono katika tundu, chokoa kwa fimbo, sababu nyoka naye anapenda mahali hapo. Kambale ashikwe nyuma ya kichwa. Mwiba wa pezi lake unatoboa vibaya. Mkimaliza, bomoeni vizuizi vyote, maji yarudi njia yake.

Jambo moja hatulikubali kabisa: kumwaga dawa ya wadudu wa shamba katika maji ili samaki waelee. Inaua hata watoto wa samaki, ambao ndio samaki wa mwaka ujao. Na chini ya kijito kuna mtu anayeteka maji ya kunywa. Pengine ni mama yako.

Kazi ya pili ni kupima miti. Msicheke! Tangu mwaka 1994, huku Edoro na Lenda, watafiti pamoja na watu wa CEFRECOF ya hapa Epulu walianza kuhesabu na kupima kila mti wenye unene wa sentimita 1 ao zaidi, katika hektari 40 za pori. Miti mingine ni myembamba kama kalamu! Namna ya kupima ni nyepesi. Unapanda meta 1.30 toka chini, unazungusha kamba, unasoma urefu wake kwa sentimita, na unagawanya kwa 3.14. Kamba ikiwa 157, mti una unene wa 50. Kama mizizi imesimama kama mbao, pima juu yake. Andika jina la mti na tarehe, na rudi kuupima mwaka kesho. Hii ni hesabu, biolojia na mwendo wa miguu, vyote pamoja, kwa bei ya kamba moja.

Kwa majina ya miti, msitafute katika kitabu. Nendeni kwa mzee wa Kimbuti, mumwamkie kwa heshima na mumsikilize vile mnavyomsikiliza mwalimu. Atawaonyesha kwa nini pori la mbau ni giza na limejaa mbau tu, na kamba ya nkusa inayofanya nyavu inatoka wapi.

Kamba hiyo hiyo inafunga vizuri mpira wa majani ya ndizi. Juu ya futboli hatuna haja ya kufundisha mtu. Kwa wasichana (na wavulana wenye moyo) kuna nzango: makundi mawili uso kwa uso, makofi na nyimbo, wawili wanaruka na kutupa mguu mbele. Kundi moja linapata pointi miguu ikilingana, lingine ikipishana. Hauombi hata viatu.

Sasa usalama. Kuogelea katika mto Epulu ni kwa wale wanaojua, mbali na maporomoko, na kamwe si peke yako. Porini msiende mbali. Wote tunajua mambo ya tarehe 24 Juni 2012, wakati kituo kiliposhambuliwa, watu waliuawa, na okapi wote 14 waliofugwa hapo walikufa. Tangu Mei 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na si bure. Kwa hiyo: makundi ya watu sita ao zaidi, mtu mzima mmoja, wazazi wajue njia, muulize walinzi wa Hifadhi mbele ya kuondoka, na saa tisa kila mtu awe amerudi mjini.

Wanaotaka kupima miti waandikishe majina kwa kapita wa darasa lao mbele ya Ijumaa. Kamba tutazikata sisi. Vipimo vyenu vitatiwa katika buletini ya mwezi wa pili.

Makapita wa wanafunzi, mwaka wa sita