Ziara za Wasanii na Kumbi Mbadala katika Ujenzi wa Muziki wa Mji Mdogo: Mfano wa Kiomboi, Mkoani Singida

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna ziara za wasanii na matumizi ya kumbi mbadala yanavyoweza kukuza muziki wa mji mdogo. Mji unaochukuliwa kuwa mfano ni Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba. Kumbi mbadala ni mahali ambapo hapakujengwa kwa ajili ya muziki lakini hukusanya watu, kama vile uwanja wa shule, mnada, ua wa kanisa na kiwanja cha mpira. Hoja kuu ni kwamba wageni kuja kupiga muziki hakutoshi. Ziara hukuza muziki wa mji pale inapowaachia wenyeji nafasi jukwaani, ujuzi na sehemu ya mapato. Isipofanya hivyo, kijana mwenye kipaji huendelea kuamini kwamba ili asikike ni lazima ahame.

2.0 Mji ulio kando ya njia

Barabara kuu itokayo Singida kuelekea Nzega na Mwanza hupita Misigiri, na msafiri aendaye Kiomboi huiacha hapo. Kwa kundi la muziki, mchepuko huo ni gharama. Mafuta, malazi, chakula na kodi ya vyombo hulipwa hata kama watazamaji ni wachache. Onyesho la usiku mmoja, likisimama peke yake, ni vigumu kurudisha gharama hizo. Likipangwa katika msururu mmoja na Singida mjini, Shelui, Igunga na Nzega, gharama ya gari na vyombo hugawanyika.

Aidha, majira yana uzito wake. Wakulima wa mtama, mahindi na alizeti huwa na fedha baada ya mavuno, wakati ambao pia barabara za vijijini hupitika. Hivyo, ratiba ya ziara haina budi kufuata kalenda ya shamba.

3.0 Mzigo wa gharama ulivyohama

Katika miaka ya 1960 na 1970, bendi nyingi za dansi nchini, kama NUTA Jazz ya jumuiya ya wafanyakazi, zilimilikiwa na taasisi. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na mwanamuziki alilipwa mshahara. Kwa hiyo, onyesho lenye watazamaji wachache mikoani halikumlaza mpigaji na njaa. Mfumo huo ulipodhoofika kutokana na mageuzi ya kiuchumi, hasara ilimwangukia msanii au mfadhili binafsi. Anayesafiri leo bila mwajiri anahitaji wenyeji wa kushirikiana naye katika gharama.

4.0 Mifano iliyopo

Mifano ya ushirikiano huo haiko mbali. Miongoni mwa Wasukuma, majirani wa Wanyiramba, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana baada ya mavuno. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na linalovuta watazamaji wengi ndilo hushinda. Hapahitajiki jengo, na mgeni hawezi kucheza bila mwenyeji wa kushindana naye.

Mfano wa pili ni kwaya. Iramba ina historia ndefu ya Kanisa la Kilutheri, na katika utamaduni wa kwaya nchini, sharika hualikana. Wenyeji huwapa wageni chakula na malazi, huimba nao katika ibada moja, kisha nao huenda kuwatembelea. Deni la ukarimu ndilo linaloifanya ziara ijirudie.

5.0 Masharti na vikwazo

Kutokana na mifano hiyo, mambo matatu yanahitajika. Kwanza, kundi la wenyeji lipewe muda kamili na vyombo vilevile vya wageni, lisiwekwe kuwa kijazio kabla ya onyesho. Pili, mchana utumike kwa mafunzo ya upigaji vyombo na uendeshaji wa mitambo ya sauti. Tatu, mgawanyo wa mapato uandikwe kabla ya onyesho.

Kikwazo kikubwa ni kwamba uwanja wa wazi hauna mlango, hivyo kiingilio ni vigumu kukusanya. Njia zilizozoeleka katika ngoma na kwaya, yaani kutuza, michango na harambee, zinaweza kuziba pengo hilo kwa sehemu. Vilevile, shule na kanisa huwa na masharti kuhusu saa, pombe na maudhui, na vibali vya maonyesho hushughulikiwa kupitia maafisa utamaduni na Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya 1984. Taratibu hizi zianze mapema, kabla ya tangazo kutolewa.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kukosekana kwa ukumbi maalumu si sababu ya kutosha ya mji kukosa muziki wake. Kinachopaswa kupimwa baada ya ziara ni iwapo makundi ya wenyeji yanaendelea kukutana, kufanya mazoezi na kualikwa kwingine baada ya gari la wageni kuondoka.